Maziwa Yalichelewa, Lawama Hazikuchelewa

Mwanangu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji baada ya uchungu wa zaidi ya saa 20, na karibu kila aliyekuja kuniona aliniuliza kama maziwa yametoka kabla hata hajaniuliza habari ya kidonda. Hayakuwa yametoka. Siku ya nne matiti yalikuwa bado laini, mtoto alikuwa amelia hadi sauti ikamkauka, na uzito wake ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 10 ya ule aliozaliwa nao. Daktari aliposhauri aongezewe maziwa ya kopo nilikubali, lakini nilimnywesha nikiwa nimeugeukia ukuta, kama mtu anayekula mchana wa mfungo.

Sina ugomvi na pendekezo la Shirika la Afya Duniani kwamba mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Naliamini, na dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo yaliyojaa kinga, sitaki mtoto yeyote ayakose pasipo sababu. Ugomvi wangu ni na namna pendekezo hilo linavyokaririwa mbele ya mzazi aliyelala kitandani, kana kwamba maziwa hutii nia. Maziwa huanza kujaa baada ya kondo la nyuma kutoka na homoni za ujauzito kushuka, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, na upasuaji, kupoteza damu nyingi au kisukari vinaweza kuyachelewesha. Hayo sikuelezwa na mtu. Nilichoambiwa, tena na watu walionipenda, ni kwamba nijitahidi.

Aliyenisaidia ni mkunga mmoja wa zamu ya usiku ambaye hakunihubiria lolote. Alivuta kiti, akanionyesha jinsi ya kumpakata mtoto tumbo lake likigusa langu, nisubiri apanue kinywa vizuri, kidevu kiliguse titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie kinywani badala ya ncha peke yake. Maumivu yaliyokuwa yakinifanya niuogope kila mnyonyo yalipungua usiku uleule. Alinieleza pia kwamba titi linalobaki limejaa hupunguza kutengeneza maziwa na lile linalotolewa maziwa mara kwa mara huongeza, kwa hiyo nikamue kila baada ya kunyonyesha, usiku na mchana, hata kama kinachotoka ni kijiko kimoja. Kazi hiyo ilichukua robo saa hivi, nami hadi leo nashangaa kwamba katika miezi yote ya kliniki hakuna aliyekuwa na robo saa hiyo.

Kopo tuliliacha wiki ya sita. Katika wiki hizo niliacha kubahatisha kwa kumsikiliza mtoto analia vipi, nikawa nahesabu nepi, kwa sababu mtoto aliyetimiza wiki moja na anayelowesha nepi 6 au zaidi kwa siku kwa kawaida anapata maziwa ya kutosha.

Naunga mkono kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inayozuia kuwatangazia wazazi maziwa ya kopo, maana najua jinsi tangazo zuri lingeniteka siku ile ya nne. Ila kanuni hiyo inawalenga wauzaji. Haikumpa mtu yeyote ruhusa ya kumkunjia uso mama mwenye chupa, ambaye pengine anatumia dawa zisizoruhusu kunyonyesha, au anamlea mtoto ambaye hakumzaa.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa kwa njia ya kawaida, akashika titi kabla saa moja haijaisha, na hakuonja kopo. Nilisifiwa sana. Sifa zile zingenifaa zaidi katika wiki sita za yule wa kwanza, nilipokuwa naamka saa nane za usiku kukamua kijiko kimoja cha maziwa.