Chasisi ya kisasa chini ya Mercury ya zamani: nini kinapatikana, nini kinapotea

Mercury, magari ya kampuni ya Ford, za 1949 hadi 1951 zina bahati ya ajabu: zilipendwa zaidi baada ya kukatwa. Fundi Sam Barris alinunua ya kwake ya 1949, akaishusha paa katika gereji aliyokuwa nayo yeye na ndugu yake George huko Lynwood, California. Tangu hapo umbo lile la paa fupi, mgongo mrefu na tumbo linalokaribia kugusa lami limekuwa ndiyo sura ya magari ya kuchongwa upya, yale Wamarekani wanayoyaita kastomu.

Anayenunua Mercury ya aina hiyo leo ana uamuzi wa kufanya hata kabla ya kufikiria rangi. Aiache juu ya chasisi iliyotoka nayo kiwandani, au aivue bodi nzima na kuipandisha juu ya chasisi ya kisasa, yenye breki za diski, usukani wa pawa na mifuko ya hewa badala ya springi? Kambi ni mbili na hazisikilizani. Kwa mtazamo wangu, hoja inayopigiwa kelele zaidi, ile ya uasilia, ndiyo dhaifu kuliko zote. Inayopaswa kuamua ni ile isiyosemwa sana: bodi yenyewe inashikiliwa na nini.

Wanaotetea chasisi ya kiwandani husema kuibadili ni kuliua gari. Ukiwauliza kastomu wanayoienzi kuliko zote, wengi watakutajia Mercury ya 1951 ya Bob Hirohata. Haya, tuitazame hiyo. Gereji ya akina Barris iliichonga 1952: paa likashushwa inchi 4 mbele na inchi 7 nyuma, nguzo za katikati zikaondolewa, ubavuni ikavalishwa mapambo ya Buick. Mwaka uliofuata injini yake ikang'olewa, ikawekwa V8 ya Cadillac, na Hirohata akaiendesha kutoka California hadi Indianapolis kwenye maonyesho. Gari hilohilo liliingizwa 2017 katika rejista ya taifa ya magari ya kihistoria ya Marekani, na Januari 2022 likauzwa mnadani Kissimmee, Florida, kwa zaidi ya dola milioni 2.

Sasa aliyetia injini ya Cadillac ni shujaa, na anayetia chasisi ya gari jingine ni mhalifu? Haiingii akilini. Kastomu zilizaliwa kwa kunyofoa kilicho bora kwenye gari jipya na kukipachika kwenye gari ulilo nalo. Vijana wa Lynwood hawakuwa wakitunza makumbusho. Wangepewa breki za diski wangezifunga usiku huohuo.

Uasilia una uzito pale tu gari lina historia yake lenyewe. Enzi zile kushusha gari kulikuwa kukata koili za springi za mbele na kuchonga chasisi juu ya ekseli ya nyuma ili ekseli ipate nafasi ya kupanda. Kama kazi hiyo ilifanywa miaka ya 1950 na gereji inayojulikana, mikato iliyoko chini ni kazi ya mkono uleule uliochonga paa. Ukiitupa chasisi umetupa nusu ya gari. Lakini magari ya namna hiyo ni machache mno. Mercury nyingi zinazochongwa leo zilikuwa gari za familia zilizoachwa shambani.

Upande wa pili unazungumzia barabara, na hapo wana haki ya kusikilizwa. Mercury ilitoka na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, zikilishwa na masta (pampu ya breki) moja yenye njia moja ya mafuta. Bomba likivuja popote, pedeli inazama hadi sakafuni na hakuna gurudumu hata moja linaloshika. Mfumo wa njia mbili, ambao moja ikifa nyingine inabaki, ulikuja kulazimishwa Marekani kwa magari ya 1968. Usukani hauna pawa. Umeme ni wa volti 6. Injini ni V8 ya lita 4.2 yenye nguvu farasi kama 110, ambayo ilitosha kwa barabara za 1950, si kwa barabara kuu za leo ambako malori yenyewe yanakimbia kilomita 110 kwa saa. Kisha kuna suala la spea. Chasisi ikitoka kwenye gari lililouzwa kwa wingi, kama pikapu ya Chevrolet S-10 au Ford Crown Victoria waliyoipenda polisi na madereva wa teksi, ukiharibikiwa Jumamosi jioni katika mji mdogo wa Nebraska utapata spea yake dukani. Spea ya Mercury utaiagiza kwa posta na kulala hotelini.

Ni hoja nzito. Ila ipitie tena orodha hiyo taratibu, utaona karibu kila kilichomo kinaweza kufungwa kwenye chasisi ileile ya zamani. Mercury ya 1949 si sawa na ya 1948. Ya 1948 ilikuwa bado na ekseli moja ngumu mbele na springi moja ya kukingama. Ya 1949 ilitoka kiwandani na miguu ya mbele inayojitegemea, yenye springi za koili. Mwenye Ford ya miaka ya 1930 au 1940 ana sababu nzuri zaidi ya kutamani chasisi nyingine. Mwenye Mercury ya 1950 anaweza kufunga diski za mbele, masta ya njia mbili, umeme wa volti 12, difu ya kisasa na shokapu za maana, kipande baada ya kipande, huku gari likiendelea kutembea. Jambo hili la mwisho watu hulidharau. Kazi ya chasisi huanza kwa kulitawanya gari lote, na magari yaliyotawanywa yana tabia ya kubaki yametawanywa mpaka mwenyewe anayatangaza kuuza, "imekamilika asilimia 80".

Kinachowavuta watu kwenye S-10 ni kipimo kimoja. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Mercury ina inchi 118. S-10 ya kabini fupi na karoseri (sehemu ya mizigo) ndefu ina inchi 117.9. Ukiona hivyo kwenye karatasi unaamini kazi imekwisha. Haijaanza. Chasisi ya pikapu imeundwa ili kabini ikae juu yake. Sakafu ya Mercury imeundwa kufuata chasisi yake yenyewe. Ukiiweka bodi juu ya ile ya pikapu bila kukata kitu, gari linasimama juu kama linasubiri mafuriko, na umbo lote ulilolitafuta limekwenda. Ukitaka likae chini, unakata sakafu na kuipandisha. Sasa piga hesabu: paa umelishusha inchi 4, sakafu umeipandisha inchi 3, abiria anakaa wapi? Nimeona picha za magari ya aina hiyo ambayo kwa nje ni mazuri mno, na dereva amekaa magoti yakigusa usukani na nywele zikigusa paa.

Upana nao una lake. Magurudumu ya S-10 yako karibu karibu, yanazama ndani ya madigadi ya Mercury, hivyo watu huweka vipande vya kuyasukuma nje. Crown Victoria ina tatizo la kinyume: magurudumu yamekwenda nje sana, na vifuniko vya magurudumu ya nyuma, pambo ambalo kastomu ya Mercury haikosi, vinakataa kufunga. Tena yenyewe ina inchi 114.7, kwa hiyo lazima ikatwe katikati na kuongezwa zaidi ya inchi 3. Kuanzia modeli ya 2003 Ford waliipa chasisi mpya iliyo ngumu zaidi na stelingi ya kisasa, ndiyo maana mafundi wanaisaka hiyo. Ni chasisi nzuri kweli, lakini ukishaikata umeshaondoa sehemu ya uzuri uliokufanya uinunue.

Mercury ya enzi hizo haikuwa na bodi inayojibeba yenyewe. Chasisi ndiyo mgongo. Paa na nguzo husaidia kidogo kuzuia kujipinda, na ndiyo sababu magari ya kukunja paa yaliongezewa vyuma vilivyokatizana kama herufi X chini ya sakafu, kufidia paa ambalo halikuwepo. Kastomu yetu imekatwa nguzo, pengine nguzo za katikati zimeondolewa kabisa, na maungio yote yamezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa au kwa pati. Kila mkato uliofanywa juu umehamishia mzigo chini.

Kwa hiyo fundi anayejua kazi, kabla hajainua bodi, huchomelea mabomba ndani ya uwazi wa milango, mengine ya kulala na mengine ya kukingama, ili umbo lisiondoke. Asiyejua huinua tu. Bodi ikishatua kwenye chasisi nyingine yenye viti vya bodi (pale bodi inapofungwa kwenye chasisi) vilivyokaa urefu tofauti hata kwa milimita chache, mlango unasema kila kitu: juu unabana mpaka rangi inasuguana, chini kidole kinapita. Watu hufunga kufuli kwa kuusukuma kwa goti na kusema wataurekebisha baadaye. Baada ya kilomita elfu kadhaa unatokea ufa mwembamba pale paa linapokutana na nguzo ya nyuma. Anaitwa fundi wa rangi, anasugua, anapiga pati, anapaka. Ufa unarudi palepale, kwa sababu shida haikuwa rangi.

Katikati ya kambi hizi mbili kuna njia iliyopendwa sana miaka iliyopita: kukata chasisi ya Mercury mbele ya ukuta wa injini na kuchomelea sehemu ya mbele ya Chevrolet Camaro. Mimi siipendi. Unaweka mshono wa moto pale ambapo uzito wa injini, nguvu ya breki na mashimo ya barabara vinakutana, na usalama wako wote unategemea mtu aliyeshika mashine ya kuchomelea alikuwa na siku gani. Ziko zilizofanywa vizuri. Ziko nyingine nyingi zilizofichwa kwa rangi nyeusi nzito, na ukikuta rangi nyeusi nzito mahali hapo chukua kikwaruzo kabla ya kutoa pesa.

Chasisi iliyotengenezwa mpya kwa vipimo vya gari lako ni habari nyingine. Kampuni kama Art Morrison ya jimbo la Washington huzitengeneza kwa kazi hiyo, na viti vya bodi, upana wa magurudumu na kimo vinaweza kupangwa kulingana na Mercury badala ya Mercury kulazimishwa kuvifuata. Hapo hoja zangu nyingi za juu zinaanguka. Inabaki bei, ambayo inaweza kuipita ile ya Mercury mbovu uliyoanza nayo, na injini bado hujanunua. Mwenye uwezo, ambaye chasisi yake ya zamani imeliwa na kutu au imeshakatwakatwa na mafundi watatu tofauti, sina neno naye. Afunge mpya. Asiye na uwezo huo na chasisi yake ni nzima, kuibadili kwa ya pikapu ya mitumba ni kununua matatizo ambayo hakuwa nayo.

Kuna pia namba. Sisi ambao kadi ya gari huandikwa namba ya chasisi hatuhitaji kuelezwa sana. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake, na kwenye magari ya zamani namba mara nyingi iligongwa kwenye chuma cha chasisi chenyewe. Ford za miaka ya 1930 ni mfano. Ukibadili chasisi, hati inasema gari moja na chuma kinasema jingine. Kuhamisha kibao cha namba ya chasisi nako si mchezo. Kansas polisi walikamata Corvette ya 1959 mwaka 2017 kwa sababu kibao chake kilikuwa kimebanduliwa na kurudishwa wakati wa ukarabati. Mwenyewe alihangaika kwa miaka kulinusuru lisipondwe, na jimbo lilibadili sheria 2022. Uingereza kwa miaka mingi walitumia mfumo wa pointi: gari libakize pointi 8 za sehemu zake za asili ili liendelee na usajili wake, na chasisi peke yake ilibeba 5. Injini ilipewa 1.

Aliyeamua kubadili, basi, aulize ofisi ya usajili kabla ya kushika spana, apate hati ya mauzo ya gari linalotoa chasisi, na apige picha za namba zote mbili zikiwa bado mahali pake. Na chasisi ya zamani isiende kwa wauza chuma chakavu. Ikiwekwa ukutani nyuma ya gereji haili chochote, na mnunuzi wa baadaye akiitaka atailipia.