Hodhi la kuogea katika nyumba ya zamani: livunjwe au libaki?

Katika nyumba za zamani za Oysterbay jijini Dar es Salaam, au Parklands jijini Nairobi, bado utakuta hodhi la kuogea la chuma cha kusubu, enameli yake imefubaa na pembeni mwa tundu la maji pana kutu. Fundi akiitwa, ushauri wake wa kwanza huwa kulivunja na kuweka bomba la mvua. Mara nyingi ushauri huo huja mapema mno.

Wanaotaka livunjwe wana hoja nzito. Ukingo wa hodhi huwa juu kwa sentimita 50 hadi 60, na mzee mwenye magoti mabovu huuruka kwa hatari kila siku. Hodhi likijaa hunywa lita 150 au zaidi, ilhali kuoga dakika tano kwa bomba linalotoa lita 8 kwa dakika ni lita 40 tu. Lakini wakati wa mgao wa maji, hodhi hilohilo ndilo akiba ya nyumba. Anayeling'oa ajumlishe na gharama ya tangi.

Kama sababu ni kuvuja, pima kwanza. Ziba tundu, jaza maji, weka alama, subiri saa moja. Maji yakishuka, mpira wa tundu umekufa, na huo hubadilishwa bila kuvunja chochote. Yakivuja pale tu unapoyafungulia yatoke, tatizo ni bomba la chini. Yakivuja mtu anapooga amesimama, ni ule mwanya kati ya ukingo na ukuta. Watu huvunja bafu zima kwa ajili ya kasoro hii ya mwisho, ambayo dawa yake ni kukwangua silikoni ya zamani na kupaka mpya.

Likiondoka, gharama halisi ndipo inapojitokeza. Mafundi wa zamani waliishia na vigae kwenye ukingo, hivyo nyuma na chini yake utakuta tofali tupu. Mabomba ya chuma yaliyomo ukutani yameliwa na kutu kwenye nyuzi za maungio. Ukizungusha koki kwa nguvu, yanakatika ndani kabisa. Panga kuyabadilisha tangu mwanzo, na panapobaki chuma unganisha kwa kipande cha shaba nyeupe.

Hodhi jipya nalo lina mtego wake. Mengi ya zamani yalipimwa kwa futi: futi 5 na inchi 6 ni milimita 1,676. La kisasa huwa milimita 1,700. Hizo 24 zilizozidi zitachimbwa kwenye lipu, kwa hiyo pima kati ya kuta, usipime hodhi. La akriliki, yaani plastiki ngumu, lina uzito wa kilo 30 hivi, la chuma kilo 100 na kitu, lakini hilo jepesi hunesa. Liegemeze vizuri chini, na kabla ya kupaka silikoni lijaze maji, uyaache humo hadi silikoni ikauke, takriban saa 24. Ukipaka likiwa tupu, siku ya kwanza kuoga litashuka na silikoni itachanika.

Ukichagua bomba la mvua, usitegemee lile bomba la maji machafu la inchi moja na nusu. Hodhi huyahifadhi maji yakisubiri kutoka. Sakafu haina pa kuyaweka. Weka la inchi 2, mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Paka dawa ya kuzuia maji mara mbili, mkono wa pili ukipakwa kwa kukingama na wa kwanza, ukutani ipande hadi mita 1.8. Jaza maji sakafuni kwa siku nzima kabla ya kigae hata kimoja.

Kupaka enameli upya ni nafuu kuliko yote, na kwa chuma kisicho na ufa tunaiona njia bora, ingawa rangi hiyo haitadumu kama ya kiwandani. Hatari iko kwenye dawa za kubandua rangi ya zamani. Nchini Marekani, kati ya 2000 na 2011, mafundi 13 wa kazi hii walikufa kwa mvuke wa kloridi ya methilini katika mabafu yasiyo na hewa. Fundi akija na kopo lenye kemikali hiyo, mkatalie; msasa wa maji, madirisha wazi na feni vinatosha kuandaa uso.