Samoa 1918: meli ilileta mafua, utawala ukaongeza makaburi

Wapo wanaosema vifo vya Samoa Magharibi mwaka 1918 si deni la New Zealand. Mafua yale yaliizunguka dunia, na New Zealand yenyewe ilizika watu wapatao 9,000. Kanali Robert Logan, mwanajeshi wa New Zealand aliyevitawala visiwa hivyo tangu viliponyakuliwa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1914, hakuletewa onyo lolote kutoka Wellington, makao ya serikali ya New Zealand. Meli ya Talune ilipotia nanga Apia, bandari kuu ya Samoa Magharibi, tarehe 7 Novemba, daktari wa bandari aliiruhusu, abiria wakashuka, wagonjwa wakiwemo. Hoja hiyo ina uzito. Si haki kumlaumu mtu kwa jambo ambalo hakuambiwa.

Lakini iko Samoa ya Marekani, jirani kabisa upande wa mashariki. Watu ni wale wale, lugha ile ile, koo zimeoleana. Huko mafua hayakuua hata mtu mmoja. Magharibi walikufa takriban 8,500 kati ya watu wapatao 38,000, zaidi ya mmoja katika kila watano, wengi ndani ya wiki chache tu. Tunaambiwa kila mara kwamba wenyeji wa visiwa walikufa kwa kukosa kinga mwilini. Ni kweli hawakuwa nayo, lakini hata ndugu zao wa Pago Pago, bandari ya Samoa ya Marekani, hawakuwa nayo! Kilichowatofautisha ni karantini. Gavana John Poyer alizipata habari za ugonjwa kwa redio akafunga bandari, na wanavijiji wakalinda fukwe zao ili mitumbwi kutoka magharibi isitue. Sifa hupewa Poyer, ila nadhani wale walinzi wa fukwe wanastahili sehemu kubwa zaidi ya wanayopewa.

Upande wa magharibi karibu kila mtu aliugua kwa wakati mmoja. Nyumba nzima zililala bila wa kuchota maji wala kuwasha moto, na wagonjwa ambao uji na maji vingewaokoa wakafa. Malori yalipita Apia kukusanya maiti na kuzipeleka kwenye kaburi la pamoja la Vaimea. Waliokufa wengi walikuwa watu wazima, wakiwemo matai, wakuu wa koo, ambao ndio wenye kusimamia ardhi na kutunza nasaba.

Na hapa ndipo utetezi wa Logan unaponishinda. Poyer alijitolea kupeleka msaada wa matibabu, na Logan hakuupokea. Kutoambiwa kunaweza kueleza tarehe 7 Novemba. Siku zilizofuata hakuzielezi. Tume ya uchunguzi ya mwaka 1919 yenyewe ilikuta uzembe wa utawala.

Miaka ya 1920, vuguvugu la Mau lilipodai Samoa ijitawale, serikali ya New Zealand ililieleza kama fitina ya mfanyabiashara Olaf Nelson aliyetetea faida zake. Nelson alikuwa na biashara kubwa, hilo halina ubishi. Lakini mafua ya 1918 yalimchukulia mama yake, dada yake, kaka yake wa pekee na shemeji yake. Wafuasi wa Mau walitoka vijiji vilivyokuwa na misiba kama hiyo, na Wellington haikuomba radhi mpaka Juni 2002, kwa kinywa cha Waziri Mkuu Helen Clark.