Kumalizana barabarani au kufungua madai?

Karatasi yenyewe ni nusu ukurasa wa daftari la mtoto wa shule. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi zimebanana: "Nimepokea shilingi laki moja na nusu kwa ajili ya matibabu, na sina madai tena." Chini kuna saini ya kijana wa bodaboda, saini ya jirani yangu, na ya mwenyekiti wa kijiwe kama shahidi. Jirani yangu anauza vitumbua. Aligongwa alfajiri akivuka Barabara ya Mandela, karibu na Tabata Relini hapa Dar es Salaam, beseni likiwa kichwani. Siku ile mguu ulivimba tu, akapaka dawa ya kuchua. Wiki ya tatu picha ya eksirei ikaonyesha ufa kwenye kifundo. Akafungwa hogo, na vitumbua vikasimama miezi miwili.

Akaniletea ile karatasi na kuniuliza kama bado anaweza kudai.

Kuna wanaosema watu humalizana barabarani kwa sababu hawajui haki zao. Mimi siamini kwamba jambo ni jepesi hivyo. Kijana yule alipiga magoti palepale: "Mama, nisamehe, pikipiki si yangu, nikifika kituoni imekwisha kazi." Alikuwa anasema kweli. Pikipiki ikilala polisi, hesabu ya tajiri haisimami, na kama yuko kwenye mkataba wa kuilipia mpaka iwe yake, anaweza kunyang'anywa. Jirani yangu naye alihitaji pesa siku ileile. Alipata laki na nusu kabla ya saa sita mchana, na jioni mama wa kijana akaja na mtungi wa uji na pole. Hakuna mahakama inayokwenda kwa kasi hiyo, wala inayoleta uji. Watu wanaoendelea kukutana kila asubuhi kwenye kituo kimoja wana sababu nzuri ya kutotaka kuitana mdai na mdaiwa.

Njia ya sheria nayo ina uzito wake. Msingi wa madai ya uzembe tuliurithi kwa Waingereza. Mwaka 1932 mahakama yao ya juu iliamua kesi ya mwanamke wa Scotland aliyedai kuugua baada ya kukuta mabaki ya konokono kwenye chupa ya kinywaji cha tangawizi. Jaji Atkin akasema kila mtu ana wajibu wa uangalifu kwa jirani yake, na jirani kisheria ni yeyote ambaye ungepaswa kufikiri kwamba kitendo chako kitamfikia. Anayevuka barabara mbele ya pikipiki yako ni jirani yako kwa maana hiyo, hata kama humjui.

Kwa ajili ya jirani huyo, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa na angalau ile tunayoiita bima ndogo. Watu wengi huiona kama stika ya kumwonyesha trafiki. Kazi yake hasa ni kumlipa mtu wa tatu, yaani aliyegongwa. Ukishinda kesi dhidi ya mwenye chombo, kampuni ya bima ndiyo inayopaswa kulipa. Kwa hiyo kijana aliyepiga magoti hakuwa mtu pekee wa kudaiwa. Kama pikipiki ile ilikuwa na bima hai, kuna kampuni iliyokwisha kupokea malipo kwa ajili ya asubuhi kama ile, na haikutoa hata senti. Laki na nusu ilitoka mfukoni mwa mtu maskini kwenda kwa mtu maskini mwingine. Hilo linaniuma kuliko yote katika karatasi ile.

Lakini twende mahakamani basi, tuone. Kwanza watakuuliza PF3, ile fomu ya polisi anayopewa majeruhi. Bila taarifa ya polisi, utathibitishaje kwamba uligongwa, tena na nani? Kisha risiti. Gharama ulizokwishatumia, yaani matibabu, nauli na dawa, ni lazima zitajwe moja moja na kuthibitishwa, na mahakama zetu hazina huruma katika hili. Maumivu na usumbufu hakimu huyakadiria mwenyewe, lakini kipato cha vitumbua ambacho hakijawahi kuandikwa popote ni vigumu kukithibitisha. Halafu kuna wakili, tarehe zinazoahirishwa, na upande wa pili unaosema wewe mwenyewe ulivuka bila kuangalia. Mahakama ikikubali kwamba nawe ulichangia, fidia hupunguzwa kwa kiwango cha mchango wako. Sheria ya ukomo inakupa miaka mitatu ya kufungua madai ya namna hii. Inaonekana mingi, ila kwa mtu anayeuguza mguu na kusaka ada za watoto hukatika upesi.

Hapo pia watu wengi huchanganya jambo moja. Dereva akipelekwa mahakamani kwa kosa la usalama barabarani akatozwa faini, faini ile inakwenda serikalini. Kwa kawaida majeruhi hapati kitu. Faida yake ni kwamba hukumu ya jinai inaweza kutumika kama ushahidi kwenye kesi ya madai. Ni lazima hiyo ya pili ifunguliwe.

Na hayo ni pale aliyekuumiza ni mtu wa kawaida. Ukitumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko na mwenye mtaro ni halmashauri, sheria inakutaka utoe notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki, na tangu mabadiliko ya 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni lazima aunganishwe kwenye kesi. Mahali pa kufungua ni Mahakama Kuu. Naelewa hoja ya serikali: fedha za umma zisimwagwe na kila dai la mtaani, na notisi inatoa nafasi ya kuelewana. Ila kwa mtu aliyevunjika mkono Kariakoo, mlango huo uko juu mno. Matokeo yake halmashauri haihofii kesi ya mtaro, na mtaro unabaki wazi.

Wapo wanaotaka tuachane kabisa na habari ya nani mkosaji. New Zealand walifanya hivyo tangu 1974: aliyeumia kwa ajali hulipwa na mfuko wa taifa, na kwa kawaida haruhusiwi kushtaki kudai fidia ya majeraha. Hata sisi tuna kipande cha mpango huo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015, humlipa aliyeumia kazini bila kumtaka athibitishe uzembe wa mwajiri. Ni hatua kubwa, lakini umejengwa juu ya michango ya waajiri. Muuza vitumbua hana mwajiri. Kijana wa boda anayepeleka hesabu kwa tajiri naye haandikwi popote kama mwajiriwa. Wawili waliogongana asubuhi ile wote wako nje ya mfuko. Kuupanua hadi kwao nakuunga mkono, ingawa sioni nani atachangia kwa niaba yao bila nauli ya boda kupanda.

Kwa hiyo nikimsikia mtu anasema "tumalizane, tusisumbuane", simlaumu. Nakataa tu maneno yanayofuata, kwamba ajali haina kinga. Zipo kinga zilizopimwa. Helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hapahapa Dar es Salaam shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi zenye ajali nyingi, likaweka matuta, njia za miguu na vivuko, na mahali pengine likahamisha geti la shule lisitazamane na barabara. Majeraha ya watoto yalipungua kwa hadi asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji. Hakukuwa na mtambo wa ajabu pale. Walianza kwa kujua watoto wanagongwa wapi.

Hapo ndipo karatasi ya daftari inapokuwa na hasara isiyoandikwa. Ajali iliyomalizwa kijiweni haipo. Haimo polisi, haimo kwenye bima, na mhandisi wa barabara hataiona akipanga tuta liwekwe wapi. Anayemalizana anasamehe deni lake mwenyewe, na ni haki yake, ila anafuta pia taarifa ambayo ingemsaidia atakayevuka kesho. Kama ni lazima mmalizane, basi mmalizane mkiwa mmekwisha kuchukua PF3. Piga picha ya namba ya pikipiki na stika ya bima. Pokea pesa ya matibabu na uandike kwamba ni ya matibabu ya siku hiyo. Yale maneno matatu, "sina madai tena", yaacheni mpaka daktari amalize kazi yake, kwa sababu mahakama inaweza kuyachukua kama mkataba uliouingia kwa hiari.

Jirani yangu nilimpeleka kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, ambako hakutozwa kitu. Walimsikiliza vizuri. Wakasema anaweza kujaribu kupinga makubaliano, kwamba aliyasaini akiwa hajajua ameumia kiasi gani, ila bila PF3 njia ni ndefu. Bado anafikiria.

Tuliporudi nilipita kijiweni kuwauliza vijana kuhusu kivuko kile. Rangi ya zebra imefutika, na taa ya barabarani iliyo karibu haiwaki. Wakaanza kuhesabu waliogongwa pale kwa kumbukumbu, huyu akimkumbusha yule, vidole vya mkono mmoja vikaisha wakaingia wa pili. Nikauliza ni wangapi kati yao walifika polisi. Wakatazamana. Mmoja akasema ni yule aliyefariki.