Mto Douro kwa meli ndogo: mto wanakupa wote, mashamba wanakuonjesha

Anayetaka safari ya mto yenye mandhari, historia na mvinyo kwa pamoja hafiki mbali bila kutajiwa Douro, kaskazini mwa Ureno. Meli za huko ni ndogo kwa lazima. Kutoka Porto hadi mpaka wa Hispania, kilomita kama 210, kuna mabwawa matano, na kila bwawa lina chumba cha maji cha kupandishia na kushushia vyombo. Vyumba hivyo ni vifupi na vyembamba, kwa hiyo meli za kulala abiria huishia takriban mita 80, ilhali mto Rhine hupitisha hata za mita 135. Pale Carrapatelo meli hupanda mita 35 hivi, kuta za zege zikiwa karibu ya kuguswa. Tena haziendi usiku. Bonde lote unalipita kweupe, na kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kuitetea safari hii: mandhari uliyolipia hayakupiti ukiwa usingizini.

Na mandhari yenyewe yana kisa. Matuta ya mizabibu yameshikiliwa na kuta za mawe zilizopangwa kwa mikono, katika eneo lililowekewa mipaka rasmi mwaka 1756, enzi za Marquês de Pombal, waziri aliyeiendesha serikali ya Ureno. Kabla ya mabwawa, mapipa yalishushwa kwa mashua za rabelo katika maporomoko yaliyoua watu. Joseph James Forrester, mfanyabiashara wa mvinyo aliyeuchora mto huu kwenye ramani, alizama kwenye maporomoko ya Cachão da Valeira mwaka 1861.

Tatizo linaanza ukishuka gatini. Basi linapanda mlima, kundi linaingia ghalani, glasi mbili tatu, kisha mbio kurudi melini kabla ya chakula. Mvinyo wa Porto, unaotoka bonde hili, hubaki mtamu kwa sababu pombe kali ya zabibu hutiwa kabla sukari yote haijachachuka. Kulielewa hilo ulimini, kwa kuonja mvinyo wa umri mmoja baada ya mwingine, kunataka mchana mzima na mwenye shamba asiyetazama saa. Meli haina mchana huo. Isitoshe, abiria hula na kulala majini, na vijiji vya kandokando hubaki na kidogo.

Wapo wanaosema basi panda treni. Wana haki: reli ya kutoka Porto hufuata ukingo wa mto kwa sehemu kubwa, na ukilala Pinhão, kijiji cha katikati ya mashamba ya mizabibu, pesa yako inabaki Pinhão. Ila reli inakomea Pocinho. Kipande cha kwenda Barca d'Alva, mpakani na Hispania, kilifungwa mwaka 1988, na huko juu meli haina mshindani. Kwa mzee asiyeweza kuburuta mizigo kwenye miteremko, sioni hata cha kubishania.

Ningepanda meli, lakini ningebaki siku mbili Pinhão kwa ajili ya mashamba. Ziara ya Salamanca, ng'ambo ya mpaka huko Hispania, ningeiacha. Mji ni mzuri, lakini ni saa kama mbili za basi kwenda na nyingine kurudi, wakati bonde la Côa liko jirani na Pocinho. Huko kuna michoro ya zama za mawe iliyochongwa miambani, ambayo Ureno iliiona ya thamani kiasi cha kusimamisha ujenzi wa bwawa miaka ya 1990. Kabla ya kulipa, uliza kama Côa imo kwenye ratiba na kama mnapewa muda wa kutosha kuyafikia mawe yenyewe, si jumba la makumbusho tu.