Siku Nne Ugiriki? Achana na Visiwa, Nenda Galaxidi

Mtu akipata siku nne za kupumzika Ugiriki, wazo la kwanza huwa Santorini au Mykonos. Kwa siku nne, hilo ni kosa la hesabu. Feri ya kwenda inameza nusu siku na ya kurudi inameza nusu nyingine. Upepo wa kaskazini wa Julai na Agosti, Wagiriki wanauita meltemi, ukizidi kiwango fulani mamlaka ya bandari huzuia feri kung'oa nanga. Ukikwama kisiwani huku ndege yako ya Athens inaondoka kesho asubuhi, utalipa tiketi mara mbili. Mji wa bara hauna shida hiyo.

Galaxidi uko upande wa kaskazini wa Ghuba ya Korintho, kilomita 200 na kidogo kutoka Athens. Ni mji wa mabaharia. Karne ya 19 ulikuwa na manahodha na wenye meli za tanga kwa wingi, na nyumba zao za mawe zenye dari za kuchorwa ndizo nyingine zimegeuzwa nyumba za wageni leo. Mwaka 1821 jeshi la majini la Waosmani liliuchoma pamoja na meli zake. Ukajengwa upya, ukatajirika tena, kisha meli za mvuke zikaumaliza kibiashara, kwa sababu wenye meli za tanga hawakuhamia mvuke mapema. Ndiyo maana haujajaa maghorofa: fedha ziliondoka kabla saruji haijafika. Jumba la makumbusho ya bahari linaonyesha yote haya kwa picha za meli. Lipe saa moja, linatosha.

Kufika huko kwa basi kunahitaji umakini kidogo. Mabasi ya mikoani huitwa KTEL, na ya mkoa wa Fokida, ulimo Galaxidi, huondokea kituo cha Athens kiitwacho Liosion, si kile kikubwa cha Kifissos ambacho madereva wa teksi hukifikiria kwanza. Kutoka uwanja wa ndege, basi X93 hupita vituo vyote viwili, kwa hiyo hakikisha unashuka Liosion. Safari ni kama saa nne, kupitia Livadeia, Arachova, Delphi na Itea. Mabasi ni machache kwa siku, na baadhi yanakutaka ubadilishe Itea. Muulize mkata tiketi kabla hujaketi. Jifunze pia kulitambua jina kwa herufi zao: ΓΑΛΑΞΙΔΙ. Kibao cha mbele ya basi hakikusubiri utafsiri.

Ukikodi gari, leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda peke yake haitoshi: chukua na leseni ya kimataifa nyumbani kabla ya kuondoka, maana kampuni ya kukodisha itaidai na bima inaweza kukukana bila hiyo. Kipande cha barabara cha Arachova kina kona kali na mteremko mrefu. Usikiendeshe usiku baada ya ndege ndefu.

Habari ya viza ni fupi. Wenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ugiriki ikiwemo, hawaihitaji kwa matembezi ya siku 90 ndani ya kila siku 180. Wanaoishi Uingereza kwa pasi za Afrika Mashariki wanaihitaji, jambo ambalo wengi hulisahau. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya afya ifike euro 30,000, na ombi lipelekwe si chini ya siku 15 kabla ya safari wala si zaidi ya miezi 6. Kinachoangusha maombi mara nyingi ni usiku mmoja usio na malazi kwenye karatasi. Kila usiku uwe na anwani, hata ule wa kulala Athens.

Sasa bahari yenyewe, maana hapa mtu wa pwani yetu hushangaa. Hakuna kupwa na kujaa kwa maana tunayoijua. Maji yako pale pale ukutani mwa gati asubuhi na jioni, ndiyo sababu meza za migahawa zinawekwa hatua mbili tu kutoka yalipo. Hakuna mchanga mweupe wala mwamba wa matumbawe unaozuia mawimbi. Kuna kokoto na mawe, na kina huanza ghafla. Vaa viatu vya mpira vya kuogelea, kwa sababu kwenye mawe wamejaa wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba, na mwiba ukivunjikia unyayoni safari yako imeharibika. Asiyejua kuogelea vizuri asijirushe tu kutoka kwenye mawe. Upande wa pili wa bandari kuna msitu wa misonobari, Pera Panta, wenye kivuli na njia ya kutembea kando ya maji.

Kwa joto la maji, chagua Septemba hadi mwanzo wa Oktoba. Mei kuna maua na jua, lakini maji bado yanauma. Na nenda Jumatatu hadi Alhamisi: Ijumaa jioni watu wa Athens hushuka na magari yao, na utulivu unakwisha. Usije pia Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima ya Kiorthodoksi ukitafuta ukimya. Siku hiyo wenyeji hurushiana unga wa rangi mitaani na nyumba hufunikwa plastiki. Ni raha, ila ni raha nyingine kabisa.

Mezani, samaki wakubwa huuzwa kwa kilo. Omba wapimwe mbele yako na uambiwe bei kabla hawajawekwa motoni. Asiyefanya hivyo ndiye anayelalamikia bili. Kinyota au neno kat. kwenye menyu maana yake kitu kimetoka kwenye friza. Samaki waitwao tsipoura na lavraki wengi ni wa kufugwa, bei yao ni nafuu na si wabaya. Gavros wa kukaanga ni ndugu wa dagaa, na kwa maoni yangu hakuna chakula bora hapo kwa bei yake. Mkate unaoletwa bila kuagizwa hulipiwa. Asiyekula nguruwe aseme horis hirino.

Kiangazi, saa 9 alasiri hadi saa 11 na nusu ni saa za kimya kisheria, kwa hiyo usipige muziki barazani. Karatasi ya chooni huwekwa kwenye ndoo, si ndani ya choo. Mabomba ni membamba na yataziba. Tozo ya tabianchi, kuanzia Aprili hadi Oktoba, ni euro 5 kwa chumba kwa usiku kwenye hoteli ya nyota tatu na 10 kwa nyota nne. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni.

Siku moja ipe Delphi, penye magofu ya hekalu la kale la Kigiriki, kilomita 35 hivi. Ingia lango linapofunguliwa saa 2 asubuhi, kabla makundi ya watalii kutoka Athens hayajafika. Na tiketi ya basi la kurudi inunue mapema, hasa ikikulazimu kurudi Jumapili alasiri, maana hujaa.