UTI sugu, au tumeacha kutafuta?

Zamani mwanamke akishika chini ya kitovu na kukimbilia chooni kila baada ya nusu saa, bibi alisema ni chango. Mwanaume aliambiwa ana ngiri. Siku hizi wote wawili wana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na ikijirudia tunaiita UTI sugu. Ukishapewa jina hilo, hakuna anayekuuliza tena unaumwa nini.

Ndiyo maana daktari anayekataa kuandika dawa papo hapo huonekana mkorofi, au mtu wa kutafuta hela za vipimo. Nimekaa kwenye benchi la maabara nikamsikia mama mmoja akilalama: "Nimemwambia ni UTI, mwili naujua mwenyewe, ananiambia nisubiri siku tatu mkojo uoteshwe, waone kama kuna bakteria watakaoota. Si nitakufa?" Alinyanyuka akaacha kikopo kitupu juu ya benchi. Sitashangaa kama aliishia duka la dawa, ambako angeulizwa swali moja tu: za kumeza au sindano?

Huyo mama ana hoja. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita nne hivi, wakati wa mwanaume hufika ishirini, kwa hiyo bakteria hawana safari ndefu. Karibu nusu ya wanawake hupata UTI angalau mara moja maishani. Mwanamke anayeunguzwa na mkojo, anayekwenda haja ndogo mara kwa mara, na ambaye hana uchafu wala muwasho ukeni, uwezekano wa kuwa na maambukizi ni mkubwa kiasi kwamba miongozo ya nchi nyingi inaruhusu atibiwe bila kuotesha. Tena kuotesha kwenyewe huchukua siku mbili hadi tatu, na zahanati nyingi haziwezi. Mjamzito, au mwenye homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni, hapaswi kusubirishwa kabisa: sampuli inachukuliwa na dawa inaanza siku hiyohiyo. Hapo sina ubishi na mtu.

Ubishi wangu unaanza dalili zinaporudi mara ya pili na ya tatu, na mtu anapewa dozi ileile au kali zaidi bila yeyote kuuliza kama kweli ni kitu kilekile.

Kuna utafiti mkubwa, HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, na matokeo yake ya upande huu yalichapishwa mwaka 2024. Walipima mkojo wa wagonjwa 7,583 waliokuwa na dalili za UTI. Waliothibitishwa na maabara ni 2,653, yaani asilimia 35. Irudishe namba hiyo kwenye lile benchi: wakikaa watu ishirini wanaojua kabisa kwamba wana UTI, ni watu saba tu ambao mkojo wao unakubaliana nao. Kumi na tatu wanaumwa, hawadanganyi, ila maabara haikuona wanachodhani.

Najua majibu ya upande wa pili. Baadhi ya hao kumi na tatu walishameza vidonge kabla ya kupima, na bakteria waliochoka hawaoti. Wengine walikuwa na bakteria wachache kuliko kiwango ambacho maabara huhesabu. Ubelgiji, wanawake wenye dalili walipopimwa kwa vinasaba, karibu wote walikutwa na E. coli, bakteria anayeongoza kwa kuleta UTI, hata baadhi ya wale ambao mkojo wao haukuotesha kitu. Sawa, tupunguze. Toa watano kwenye kumi na tatu. Bado wanane wanakunywa dawa ya ugonjwa wasio nao. Na wale saba wenye maambukizi ya kweli hawajasalimika: nusu ya bakteria walioota kwenye utafiti huohuo walikuwa sugu kwa makundi matatu au zaidi ya dawa. Kwa hiyo hata aliyebahatisha ugonjwa anaweza kukosea dawa. Usugu upo kweli, ila uko kwenye bakteria, nao tunaulea wenyewe kwa dozi za kukisia.

Hao wanane wana nini? Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alitibiwa UTI mara tatu ndani ya miezi minne, ya mwisho kwa sindano za siku tano. Usiku aliamka mara sita, tumbo la chini likimvuta, na karatasi ya maabara kila mara iliandikwa seli za usaha chache. Siku moja muuguzi kijana, wakati anasubiri kitu kingine, akamtoboa kidole. Sukari ilisoma 17, juu mno. Karatasi zile tatu nilizishika mwenyewe. Hakuna hata moja iliyosema habari ya sukari.

Seli za usaha ndizo zinazotupoteza. Zinasema kuna mwasho mahali fulani, hazisemi umesababishwa na nani. Klamidia na kisonono huzileta, na wadudu hao hawaoti kwenye kipimo cha kawaida cha kuotesha mkojo. TB ya figo nayo huzileta. Hata uchafu wa ukeni ukidondokea kwenye kikopo kwa sababu hakuna aliyemweleza mgonjwa ajisafishe, amwage mkojo wa mwanzo na akinge wa katikati, zitaonekana.

Halafu kuna kichocho, ugonjwa wa minyoo wanaoingia mwilini mtu akiwa kwenye maji ya mto, ziwa au shamba. Kwa aliyekulia Pemba, au aliyelima mpunga kwenye maji Usukumani, kukojoa mara kwa mara na damu inayotoka mwisho wa mkojo ni habari inayojulikana. Lakini mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukipeleka mkojo wa alfajiri, kama tunavyozoea, unaweza kuambiwa huna. Na mwanamke ambaye kichocho kimeshika njia ya uzazi anaweza kutibiwa magonjwa ya zinaa kwa miaka, huku akigombana na mumewe bure.

Wengine ni faibroidi, yaani uvimbe wa kwenye kizazi, zinazokandamiza kibofu, mawe ya figo au kibofu, tezi dume kwa mzee anayekojoa matone. Wapo pia ambao kibofu kinauma kikijaa na kutulia kikimwagwa, na hakuna dozi ya antibayotiki itakayowasaidia. Hao husaidiwa na mambo yanayoonekana madogo: kuandika kwa siku tatu umekunywa nini na umekwenda mara ngapi, kupunguza chai na kahawa, kukifundisha kibofu kuvumilia dakika chache zaidi kila wiki. Jaribu kumwandikia mgonjwa hayo badala ya sindano, uone uso wake.

Kwa hiyo mara ya kwanza, kwa dalili zilizo wazi, mpe mgonjwa dawa, na iwe ya kuanzia kama nitrofurantoini, si siprofloksasini ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kuchunga zisitumike ovyo. Zikirudi, kikopo kwanza, kidole kitobolewe, mjamzito ajulikane, na maswali ya mto, shamba na mwenzi yaulizwe bila aibu. Mwanaume, mtoto na yeyote mwenye damu kwenye mkojo aanzie hapo moja kwa moja.

Shangazi siku hizi anaamka mara moja usiku, wakati mwingine haamki kabisa. Kliniki ya kisukari anakwenda kila mwezi. Ukimuuliza hali, anakujibu ile UTI yake ya sukari imetulia.